Panya Wamepimwa, Ugali Bado

Kwa sisi tunaofuata viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, cheti cha maabara cha unga wa mahindi kina mistari mitatu ya sumukuvu, yaani sumu zinazotengenezwa na kuvu kwenye nafaka, ambayo mwenye mashine ya kusaga huikimbilia kabla hata hajaangalia kama jina lake limeandikwa sawasawa: aflatoksini B1 isizidi mikrogramu 5 kwa kilo, aflatoksini zote kwa jumla zisizidi 10, fumonisini isizidi miligramu 2 kwa kilo. Ukiwa chini ya hapo, umepita. Gunia linashonwa, lori linapanga foleni Namanga, biashara inaendelea.

Mimi huwasaidia wasindikaji wadogo kusoma vyeti hivyo, hasa vikundi vya akina mama wanaosaga unga wa lishe. Mwenyekiti wa kikundi kimoja cha Morogoro, mama wa makamo aliyeanza na ndoo za mahindi na sasa ana mashine yake, aliniuliza jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwenye semina yoyote: "Mwalimu, hii tano ni ya mtu mzima au ya mtoto? Maana wateja wetu sisi hata meno hawana."

Cheti hakisemi. Ili nimjibu ilinibidi nitafute hiyo tano inasimama juu ya nini, na msako wenyewe ukanifikisha kwenye faili moja la Excel lililotoka Parma, Italia.

Parma ndiko ilipo Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, EFSA. Iliundwa mwaka 2002, baada ya miaka ambayo watu wa huko waliangalia sahani zao kwa mashaka. Uingereza kulikuwa na kichaa cha ng'ombe. Ubelgiji, mwaka 1999, mafuta machafu yenye kemikali za PCB yaliingia kwenye mafuta ya kuchanganyia chakula cha mifugo, na kabla watu hawajajua kinachoendelea yakawa yameshafika kwenye mayai na nyama ya kuku. Kazi ya EFSA ni kutathmini hatari. Haipigi marufuku kitu chochote. Hiyo ni kazi ya wanasiasa wa Brussels na serikali za nchi wanachama. Yenyewe inakaa na wataalamu, inasoma tafiti, inatoa maoni. Na kwa kuwa maoni hayo ni maelfu ya kurasa za lugha ya kitaalamu, mwaka 2017 wakatoa muhtasari wake katika hifadhidata waliyoiita OpenFoodTox.

Humo kuna maelfu ya kemikali: viuatilifu, viungio vya chakula, madini mazito, sumukuvu, dawa na virutubisho vya mifugo, kemikali zinazotoka kwenye vifungashio. Kila kemikali ina utambulisho wake, maoni yaliyotolewa juu yake na mwaka yalipotolewa, mnyama aliyetumika kwenye majaribio, kiungo kilichodhurika, dozi iliyochukuliwa kama mahali pa kuanzia hesabu, na kiasi ambacho binadamu anaweza kula bila wasiwasi, kama kipo. Hilo ndilo faili la Excel nililolisema; unalipakua kutoka Zenodo, ghala la data za kisayansi linaloendeshwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya. Huombi ruhusa, hulipi, hupigi goti mbele ya sekretari wa mtu.

Uwazi huo haukushuka kama mvua. Wakati EFSA na wakosoaji wake wanavutana juu ya kiuagugu cha glaifoseti, tafiti nyingi zilizotegemewa zilikuwa za makampuni yenyewe, zimefungiwa kwa hoja ya siri ya biashara. Zaidi ya raia milioni 1 wa Ulaya walitia saini ombi lililogusa suala hilo. Wabunge wa Bunge la Ulaya, Heidi Hautala wa Finland akiwa mmoja wao, wakaenda mahakamani, na Machi 2019 mahakama ikaamua kwamba EFSA ilikosea kuzificha. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya uwazi, ikaanza kutumika Machi 2021, inayotaka tafiti zinazoletwa na makampuni ziwekwe hadharani. OpenFoodTox ilitangulia sheria hiyo, na yenyewe haina data ghafi za kila panya. Ina matokeo tu. Lakini matokeo hayo yanatosha kwa mtu mwenye kikokotoo na swali la mama wa Morogoro.

Kwanza aflatoksini. Sumu hii hutengenezwa na kuvu, hasa Aspergillus flavus, anayependa mahindi na karanga vilivyopigwa na ukame shambani au kuhifadhiwa na unyevu. Ulimwengu uliijua kupitia mifugo: mwaka 1960 zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa Uingereza, na uchunguzi ukaishia kwenye mashudu ya karanga kutoka Brazil. Huku kwetu imeua watu. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na maeneo ya jirani nchini Kenya, waliripotiwa wagonjwa 317 na 125 kati yao wakafariki. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara. Hivyo ni vifo vya sumu nyingi kwa mpigo, ini linakufa ndani ya siku chache. Cheti cha maabara kinahangaika na jambo la polepole zaidi, saratani ya ini inayojengeka kwa miaka.

Kwa sumu inayosababisha saratani kwa kuharibu vinasaba, EFSA haitoi kiasi salama cha kula kwa siku. Ukiangalia safu ya kiasi kinachovumilika, aflatoksini B1 haina kitu. Badala yake kuna dozi rejea kutoka maoni ya mwaka 2020: mikrogramu 0.4 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, inayohusishwa na ongezeko la asilimia 10 la saratani ya ini kwa panya. Halafu unachukua kile mtu anachokula kweli, unaangalia pengo kati yake na hiyo dozi. Pengo likiwa mara 10,000 au zaidi, wataalamu wa Parma wanasema wasiwasi ni mdogo. Likiwa chini ya hapo, kazi ipo.

Sasa tupige hesabu. Chukua mtoto wa kilo 10 anayekunywa uji wa gramu 80 za unga kwa siku, na unga huo uko kwenye kikomo kabisa, mikrogramu 5 kwa kilo. Anapata mikrogramu 0.4 kwa siku. Gawanya kwa uzito wake: 0.04 kwa kilo. Pengo kati ya 0.4 na 0.04 ni mara 10.

Kumi. Tulikuwa tunatafuta elfu kumi.

Mtu mzima wa kilo 60 anayekula gramu 400 za unga kwa siku, yaani ugali mchana na ugali jioni kama watu wengi ninaowajua, pengo lake ni mara 12. Nilirudia nikidhani nimekosea nukta. Ni hizohizo.

Hapa kuna watu watashika kichwa, kwa hiyo niseme lisilosemwa na hesabu hii. Haisemi kwamba mtoto huyo ataugua. Unga wa kila siku hauko kwenye kikomo. Mwingine uko chini sana, mwingine, kwa bahati mbaya, juu sana. Na pengo la 10,000 si rahisi kulifikia kwa mtu anayekula nafaka kila siku. Hata Ulaya, ambako kikomo cha B1 kwenye chakula cha watoto wachanga ni mikrogramu 0.1, mtoto wetu yuleyule akila unga ulio kwenye kikomo hicho angebaki na pengo la mara 500. EFSA wenyewe walipopiga hesabu za walaji wa nchi zao mwaka 2020 walipata mapengo kati ya 5,000 na 29, wakaandika bila kumung'unya maneno kwamba kuna sababu ya kuwa na wasiwasi juu ya afya. Kwa hiyo tano ya cheti chetu si mpaka kati ya salama na hatari. Ni makubaliano: tufanye kiasi gani kinachowezekana bila kutupa nusu ya mavuno ya nchi na kuacha watu na njaa. Hayo ni mazungumzo halali kabisa. Tatizo langu ni kwamba neno linalotumika sokoni ni "salama", na mama wa unga wa lishe analichukua kama lilivyo.

Fumonisini inaniumiza kichwa zaidi, na haisemwi sana kwa sababu haina vifo vya kutisha magazetini. Hii ina kiasi kinachovumilika: EFSA mwaka 2018 waliweka mikrogramu 1 kwa kilo ya uzito kwa siku; kamati ya wataalamu ya FAO na WHO inatumia 2. Mtoto wetu, gramu 80 za unga wenye miligramu 2 kwa kilo, ambao kwenye cheti umepita: mikrogramu 160, gawanya kwa 10, anapata 16 kwa kila kilo. Mara 16 ya kiwango cha Parma, mara 8 ya kile cha FAO na WHO. Mtu mzima wetu yuko mara 13. Ulaya kikomo cha chakula cha watoto cha mahindi ni mikrogramu 200 kwa kilo, sawa na sehemu moja ya kumi ya kwetu, na mtoto wa Ulaya hali uji wa mahindi asubuhi, mchana na jioni.

Nadhani hapo ndipo penye kiini. Panya wa aflatoksini ni yuleyule, awe anasomwa Parma au Morogoro, na matokeo yake sasa ni ya kila mtu. Upande wa pili wa hesabu, nani anakula nini, kiasi gani, chenye sumu kiasi gani, hausafiri. Ulaya wana hifadhidata ya wazi ya ulaji, nchi kwa nchi, rika kwa rika. Sisi mara nyingi tunaazima makadirio ya WHO yanayokusanya nchi nyingi kwenye kapu moja la mlo. Uchunguzi mkubwa wa mlo kamili kusini mwa Sahara, ule ulionunua chakula sokoni, ukakipika na kukipima kemikali, ulifanyika Benin, Kamerun, Mali na Nigeria. Afrika Mashariki haikuwemo.

Na maswali yenyewe hufuata sahani ya anayeuliza. Angalia muhogo. Umo kwenye OpenFoodTox kupitia sianidi, na mwaka 2019 EFSA walithibitisha kiasi cha mikrogramu 20 kwa kilo ya uzito kwa mlo wa mara moja. Ni namba yenye maana kwa mtu wa Ulaya anayetafuna kokwa za aprikoti au chipsi za muhogo. Lakini Tarime mwaka 1985, na Kongo mara nyingi, tatizo lilikuwa konzo: ukame, muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, wiki kadhaa mfululizo, mboga ya maana hakuna, na mtu anaamka miguu haimtii tena, maisha yake yote. Namba ya mlo mmoja haikutengenezwa kwa ajili ya hilo. Sitegemei Parma wakae usiku kucha wakiwaza konzo. Ni sisi tunaopaswa kuliuliza.

Vivyo hivyo homa ya ini aina ya B. Mwaka 1998 ile kamati ya FAO na WHO ilikadiria kwamba aflatoksini ina nguvu ya kusababisha saratani ya ini mara 30 zaidi kwa mwenye maambukizi ya virusi hivyo kuliko asiye nayo. Maambukizi hayo kwetu ni mengi kuliko Ulaya Magharibi. Safu ya panya haiwezi kukuambia hilo, maana panya hana historia ya kliniki.

Turudi kwenye chakula cha mifugo, kwa sababu hapa kuna mzunguko ambao kila mtu anauona na hakuna anayeuandika. Sumukuvu nyingi za mahindi hukaa kwenye ganda na kiini. Ukikoboa, sehemu kubwa inaondoka. Ndiyo maana, pamoja na sifa zote za dona, na mimi mwenyewe ni mtu wa dona, kwa mahindi yenye mashaka sembe huwa na sumu kidogo kuliko dona. Lakini pumba haziendi jalalani. Zinauzwa, kwa bei nzuri tu, zinakwenda kwa kuku na ng'ombe. Ng'ombe wa maziwa akila B1, asilimia chache yake inatoka kwenye maziwa ikiwa imegeuka M1. EFSA wanaihesabu M1 kuwa na nguvu ya moja ya kumi ya B1, afadhali kidogo. Kikomo cha kimataifa kwenye maziwa ni mikrogramu 0.5 kwa kilo. Ulaya ni 0.05. Na nani anakunywa maziwa kwa wingi? Mteja yuleyule asiye na meno. Tumemkoboa uji wake, tukamrudishia ganda kupitia kwa ng'ombe. Sijaona mahali ambapo cheti cha unga na cheti cha pumba za mashine moja vimewekwa meza moja.

Anayetaka kulitumia faili hilo la Parma nampa tahadhari moja, kwa sababu nimeona watu wakichukua mstari wa kwanza wanaoukuta na kuusambaza kwenye WhatsApp. Kemikali moja inaweza kuwa na mistari mingi, ya miaka tofauti. Bisfenoli A, inayotumika kwenye plastiki ngumu na utando wa ndani wa makopo, iliwahi kuruhusiwa mikrogramu 50 kwa kilo ya uzito. Mwaka 2015 ikashushwa hadi 4. Mwaka 2023 ikawa nanogramu 0.2, na nanogramu ni sehemu moja ya elfu ya mikrogramu. Hiyo ya mwisho ni ndogo kuliko ile ya 2015 mara 20,000. Na si kila mtu amekubali: taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari ilipinga, ikapendekeza nanogramu 200. Klopairifosi, kiuatilifu kilichozoeleka mashambani, kilikuwa na kiasi kinachokubalika kwa siku, kisha mwaka 2019 EFSA wakasema hakuna kiasi wanachoweza kukiita salama. Ukichukua mstari wa zamani utamtuliza mtu asiyepaswa kutulizwa. Soma mwaka, soma maoni yenyewe yaliyounganishwa hapo.

Yule mwenyekiti nilimpa jibu: tano haikuwekwa kwa ajili ya mtoto, na kwa kweli haikuwekwa kwa ajili ya tumbo la mtu yeyote. Alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Sasa mwanangu, tufanye nini, tuache kusaga?"

Hapana. Tulikaa na ungo. Karanga wanazochanganya kwenye unga wa lishe zilikuwa zinatoka kwa dalali zikiwa zimemenywa, mchanganyiko. Zilizosinyaa, zenye doa la kijani au njano, zilizovunjika, wakazitoa moja moja kwa mikono, na rundo la kutupwa lilikuwa dogo kuliko walivyohofia. Hiyo ni kazi ya maana, maana sumu haisambai sawasawa: karanga chache zinaweza kubeba karibu yote iliyomo kwenye gunia. Ndiyo sababu pia bambo, kile chuma cha kutolea sampuli, likichomwa gunia moja pembeni mwa lori haliambii mtu kitu. Wakapunguza karanga kwenye mchanganyiko, wakaongeza ulezi na soya, wakaanza kukoboa mahindi, na kununua mapema kutoka kwa wakulima wanaokausha kwenye turubai badala ya kungoja mzigo wa msimu wa mvua. Kuchemsha uji hakusaidii. Sumu hii haishindwi na moto wa jikoni. Pumba tukakubaliana zipimwe kabla ya kuuzwa kwa mwenye ng'ombe wa maziwa. Hilo bado wanalivutavuta, kwa sababu kipimo kinalipiwa na pumba zinalipa.

Ninachokitaka mimi ni kitu cha kuchosha kabisa kukisikiliza. Kila siku maabara za nchi hizi zinapima mahindi, karanga, unga, maziwa, kwa ajili ya vyeti, na matokeo yanakwenda kwa mteja na kwenye kabati. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa siku chache, barua iliyosambaa ilisema viwango vya sumukuvu viko juu. Tulibishana wiki nzima, kila mtu na bendera yake, bila jedwali mbele yetu. Vipimo vilikuwepo pande zote za mpaka. Ondoa jina la mfanyabiashara, acha zao, wilaya, mwezi, njia ya kupimia na kiwango kilichopatikana, kisha weka mahali ambapo mtu yeyote anaweza kupakua, kama wenzetu wa Parma walivyofanya na panya wao. Siri ya biashara itabaki siri. Hesabu ya uji wa Morogoro itafanyika kwa namba za Morogoro, badala ya kikomo na kubahatisha kama nilivyofanya hapa juu.

Nimeanza jedwali kama hilo kwa vikundi ninavyofanya navyo kazi, kwa ridhaa yao. Mwenye mashine, mwenye kikundi, au mtu wa maabara mwenye ruhusa ya bosi wake, nitumie cheti ukiwa umekata jina. Cha pumba pia nakihitaji, na kwa sasa ndicho kigumu zaidi kukipata.